Sikupigwa mimi, alipigwa mama: mbona ni mimi ninayetetemeka?

Swali: Assalamu alaykum. Nina miaka 33, naishi Langoni, Lamu, nimeolewa na nina watoto wawili. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa akimpiga mama, zaidi usiku. Mimi na wadogo zangu hakutugusa. Tulikuwa chumba cha pili tukisikia. Mume wangu ni mpole, hajaninyanyulia mkono hata siku moja. Lakini akirudi kimya, au akiweka kikombe kwa kishindo, moyo hunienda mbio na mikono hutetemeka. Namkubalia kila asemalo, kisha namfokea binti yangu wa miaka 9 kwa jambo dogo. Mwaka huu imezidi. Shangazi yangu anasema ni jini. Je, mambo ya zamani yanaweza kunirudia sasa, na mimi sikupigwa? Nifanye nini?

Jibu: Waalaykumu salaam, dadangu.

Ndiyo, yanaweza. Na hilo la kuwa hukupigwa, ulilolitaja kama mtu anayeomba radhi kwa kulalamika, halibadilishi jibu. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliunganisha matokeo ya tafiti 118 juu ya watoto waliokulia kwenye nyumba zenye vipigo baina ya wazazi. Walioshuhudia tu waliwekwa sambamba na waliopigwa wenyewe, na haikuonekana tofauti ya maana baina yao. Kati ya kila watoto 100 walioshuhudia, kama 63 hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya mtoto wa wastani asiyeyapitia. Waliobaki 37 walikuwa sawa na wenzao au afadhali, na hesabu hiyo ya pili ina uzito wake pia. Kukulia katika nyumba kama hiyo huongeza hatari. Lakini si hukumu juu ya mtu.

Kushuhudia hakuhitaji macho. Katika nyumba za zamani za Amu, yaani mji wa Lamu, vyumba hufuatana, na baina ya kimoja na kingine mara nyingi ni pazia tu. Katika nyumba za makuti kuta za ndani mara nyingi hazifiki kwenye paa, na sauti hupita juu yake bila kizuizi. Mtoto aliyelala chumba cha pili husikia kila kitu, na asichokiona hukijaza mwenyewe kwa picha ambazo huenda zikawa mbaya kuliko yaliyotokea. Hujiuliza kama mama bado yu hai. Huwaza kama atoke au anyamaze. Humziba masikio mdogo wake. Asubuhi hukuta chai imepikwa na hakuna anayetaja lolote, na hapo hujifunza jambo la pili, kuwa lililotokea haliulizwi.

Mtoto huyo pia huwa hodari wa kusoma dalili. Hujua kama leo ni salama kwa hatua za baba, kwa namna mlango unavyofunguliwa, kwa kikohozi, kwa kikombe kinavyowekwa, na zaidi ya yote kwa ukimya, kwa sababu katika nyumba nyingi za namna hiyo kimya ndicho kinachotangulia kipigo. Ndiyo maana ukimya wa mumeo unakutisha kuliko maneno yake. Ulijifunza, ukiwa mdogo, jambo lililokuwa na faida kubwa wakati ule. Shida ni kuwa somo lile bado linafanya kazi katika nyumba isiyolihitaji.

Kinachotokea mwilini kinajulikana. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kuitambua hatari haraka, kabla akili ya kufikiri haijapata nafasi ya kupima. Ikishtuka, adrenalini humwagika katika damu: moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, tumbo hukaza, kinywa hukauka. Homoni ya kortisoli hufuata na kuuweka mwili katika tahadhari kwa muda mrefu zaidi. Mtoto anayeshtushwa usiku baada ya usiku huweza kukua na amigdala nyepesi, inayoruka kwa jambo dogo na kuchelewa kutulia. Sehemu nyingine, hipokampasi, husaidia kulitia tukio wakati na mahali pake, nayo hufanya kazi vibaya hofu inapokuwa kubwa mno. Kwa hiyo usiku ule huhifadhiwa vipande vipande, sauti huku, harufu kule, bila tarehe. Kikombe kikigonga meza, kipande kimoja huja kana kwamba kinatokea sasa, mara nyingi bila picha yoyote; mwili tu ndio unaotetemeka. Unajiambia "mume wangu ni mpole", na ni kweli, lakini maneno hayo hufika baada ya mwili kuwa umeshaanza.

Umesema mwaka huu imezidi. Tazama umri wa bintiyo. Wapo wanawake wanaokaa miaka bila dalili kubwa, kisha mtoto wao, hasa wa kike, anapofikia umri waliokuwa nao wao vurugu zilipokuwa kali, mambo hufumka. Kumwona mtoto wa miaka 9 alivyo mdogo humwonyesha mama alivyokuwa mdogo yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulipima. Kwa wengine huwa ni mimba au uzazi, maradhi ya mzazi aliyekuwa akipiga, kifo cha mama, au mume kupoteza kazi. Na kuna sababu moja inayowashangaza wengi: usalama wenyewe. Mtu aliye katika hatari huahirisha; akishaamini kuwa mume huyu hatapiga, ndipo mwili huanza kutoa yaliyokuwa yamewekwa. Kuumwa ukiwa na mume mwema si ukosefu wa shukrani, na asikwambie mtu hivyo.

Sasa yale mawili uliyoyataja, kumkubalia mumeo kila kitu na kumfokea bintiyo. Ni jambo moja. Mtu akiingiwa na hofu hupigana, hukimbia au huganda, na mtoto asiyeweza lolote kati ya hayo hupata njia ya nne: kumridhisha mwenye nguvu kabla hajakasirika. Ukubwani njia hiyo huonekana kama tabia njema. Mwanamke husifiwa kwa upole wake, mashoga zake humwona hana makuu, na hakuna anayejua kuwa hakuchagua kuwa hivyo. Hawezi kusema hapana. Kila "sawa" isiyotoka moyoni huuacha mwili umeshtuka bila pa kutokea. Hasira yake haiendi kwa mume, kwa sababu somo la utotoni linasema kumkasirikia mwanamume ni hatari. Huenda kwa asiyetisha, na asiyetisha zaidi nyumbani ni mtoto. Kwa hiyo dawa ya kumfokea bintiyo haianzii kwa bintiyo. Inaanzia kwenye zile "sawa".

Wanawake wengine waliokulia hali kama yako huja na mambo ambayo hata hawayahusishi na utoto wao. Kichwa kinachouma kila wiki, tumbo linalosokota, maumivu ya nyonga, tendo la ndoa linalouma kwa kuwa misuli hukaza yenyewe. Usingizi unaokatika saa nane za usiku, saa zile zile ambazo zamani kelele zilianza. Kuduwaa katikati ya mazungumzo, macho wazi na akili haipo. Binti wa kwanza aliyelea wadogo zake huwa mama wa kila mtu na hajui kukaa bure. Akipumzika huhisi ana hatia. Mwaka 1998 yalitoka matokeo ya kwanza ya utafiti mkubwa uliofanywa San Diego, Marekani, ulioangalia aina saba za mashaka ya utotoni, na mama kutendewa ukatili ilikuwa mojawapo. Waliopitia aina nne au zaidi walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 ya ulevi, dawa za kulevya, sonona (huzuni nzito isiyoisha) na kujaribu kujiua kuliko ambao hawakupitia hata moja. Kadiri aina zilivyozidi ndivyo na maradhi ya mwili, yakiwemo ya moyo, yalivyozidi. Ndiyo maana daktari mwema akikutana na mama mwenye maumivu yasiyo na sababu humuuliza pia alikulia vipi.

Na kuna lile ambalo linasemwa vibaya mitaani, kuwa binti wa mama aliyepigwa naye "hupenda" mume wa kupiga. Si kweli, na ni dhulma kulisema. Kilicho kweli ni kuwa tafiti za nchi nyingi zimeona mabinti hao hupigwa na waume zao zaidi kuliko wenzao. Sababu zinaeleweka. Wengine huolewa mapema ili waikimbie nyumba ya baba, na aolewaye kwa kukimbia hana muda wa kumchunguza anakokwenda. Wengine hawajawahi kuona ugomvi wa mume na mke unaoisha bila mkono kunyanyuliwa, kwa hiyo kofi la kwanza haliwashangazi vya kutosha. Na wengine, kengele yao ya hofu inalia muda wote. Inayolia kwa kikombe na inayolia kwa mume mwenye kuzuia simu na pesa ni moja, hivyo huacha kuisikiliza. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa 2022, wanawake kama 34 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kutendewa ukatili wa mwili tangu wafikie miaka 15. Wewe ulimpata mtu mpole. Hilo ni jambo kubwa, na kama ulilifanya kwa kuchagua, jipe haki yako.

Kuhusu jini

Sitamvunjia shangazi yako heshima. Kisomo kikimtuliza mtu, na akasomewa na mwalimu mcha Mungu asiyetaka fedha nyingi, hakuna ubaya wowote, na kinakwenda pamoja na matibabu. Ubaya unapoingia ni pale mtu anapopigwa ili "jini atoke", anapofukizwa mpaka akabanwa kifua, anapofungiwa, au anapoambiwa aache dawa za hospitali. Fikiria: mwanamke ambaye maradhi yake yametokana na kipigo cha nyumbani anapigwa tena, na wanaume, mbele ya jamaa zake. Akitulia baada ya hapo si kwamba amepona, ameganda. Ukiona mojawapo ya hayo, ondoka.

Anza hospitali, na sababu yake ni ya kawaida kabisa. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka ni dalili za tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, ikizidi kufanya kazi, na upungufu wa damu huleta moyo kwenda mbio na uchovu. Omba upimwe wingi wa damu, thairoidi, presha na sukari, na mimba kama inawezekana. Iwapo ni thairoidi, miezi ya kupumua kwa utaratibu haitakusaidia. Vipimo vikirudi salama, basi umejua unashughulika na nini, na shangazi naye atakuwa na la kusikia.

Cha kuanza nacho nyumbani

Chukua daftari dogo. Kwa wiki mbili, kila unaposhtuka, andika mistari mitatu: saa ngapi na nini kilitangulia; mwili ulifanya nini na ukali wake kwa namba kutoka 0 hadi 10; na wewe ulifanya nini baadaye. Andika ya leo tu. Kosa linalofanywa sana ni mtu kukaa peke yake usiku na kuanza kuandika yote ya zamani kwa urefu. Hulala saa kumi, na kesho yake anaumwa zaidi, akadhani ushauri haufai. Baada ya wiki mbili soma mistari yako. Mara nyingi utaona mambo mawili au matatu tu yanayorudi, na kwamba siku uliyolala vibaya au kuchelewa kula namba zinapanda.

Pili, pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6, kwa dakika 5, asubuhi na jioni. Kinachotuliza ni kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta, kwa kuwa moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa pumzi. Wengi huambiwa "vuta pumzi kwa nguvu" na wanapovuta kwa pupa hupata kizunguzungu na vidole kufa ganzi, kwa sababu wametoa kaboni dioksidi nyingi mno, na hapo huogopa zaidi. Pumzi iwe ndogo, ya tumboni, isiyo na sauti. Kosa la pili ni kungoja mpaka siku ya kutetemeka ndipo ujaribu. Jifunze ukiwa umetulia, baada ya sala kwa mfano, angalau wiki mbili, ndipo itakuja yenyewe siku ya haja.

Wakati wa mshtuko wenyewe, usianze na kufikiri. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, ubonyeze. Jimwagie maji baridi usoni. Baridi ya maji usoni hupunguza mwendo wa moyo, na mwenye kutawadha ameshajua utulivu wake. Kisha taja kwa sauti unapokuwepo: siku, mwaka, umri wako, nyumba ni ya nani. "Leo ni Jumanne, nina miaka 33, hii ni nyumba yangu, huyu ni mume wangu." Inaonekana ni jambo la kitoto, lakini ndiyo hasa tarehe ambayo kumbukumbu ile haina.

Kahawa chungu baada ya alasiri iache kwa sasa, na miraa kama unatafuna. Kahawa huupandisha moyo na kuukata usingizi, na mwili mwepesi wa kushtuka hautofautishi mapigo ya kahawa na mapigo ya hofu.

Halafu hizo "sawa". Usianze na jambo zito. Chagua lenye uzito wa 2 kati ya 10: mumeo anauliza leo tule wali wa nazi au mkate wa mofa, na wewe badala ya "utakavyo" utaje unachotaka. Sema mara moja, usijieleze, usiombe radhi, kisha ungoje na uangalie kitakachotokea. Mwili utapiga kengele. Acha ipige mpaka ishuke. Fanya moja kila siku, na upande polepole wiki kwa wiki: kukataa mgeni siku uliyochoka, kusema kiasi cha pesa unachohitaji. Anayeruka moja kwa moja mpaka kwenye ugomvi wa zamani na mawifi hushindwa na kurudi nyuma akiwa na woga zaidi.

Mumeo anapaswa kujua. Zungumza naye wakati nyote mmetulia, si baada ya kugombana, na kwa ufupi: nilipokuwa mdogo nyumbani kulikuwa na vipigo, mwili wangu bado hushtuka kwa sauti na kimya, si wewe. Kisha muombe mambo mawili mepesi. Atoe salamu kwa sauti akiwa bado mlangoni. Na akiwa na lake moyoni, aseme "nimechoka tu, sina hasira nawe". Usimuombe asiwahi kupandisha sauti wala kugongesha kitu. Nyumba ikigeuzwa kuwa ya kunyata, utapata nafuu kwa siku chache, kisha mwili utaamini kuwa kweli sauti ni hatari, na itabidi kunyata zaidi. Ukiona namba zako zimeshuka chini ya 5 na huduwai, unaweza kuizoea sauti yenyewe kwa hiari yako: wewe ndiye unayeweka kikombe mezani, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu kidogo, unakaa hapo mpaka hofu ipungue nusu, ndipo unarudia. Namba zikiwa juu, hilo ngoja ulifanye na mshauri.

Na bintiyo. Utamfokea tena, hata ukifuata yote haya, kwa hiyo jua la kufanya baadaye. Rudi kwake siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa moja. Kaa chini, macho yawe sawa na yake. Mwambie: "Nilikufokea. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko kosa. Halikuwa kosa lako." Hapo simama. Usiongeze "lakini wewe nawe", kwani neno hilo hufuta yote yaliyotangulia. Usimsimulie ya babu na nyanya yake pia. Mtoto wa miaka 9 hawezi kuubeba mzigo huo na ataanza kukulinda wewe. Tafiti juu ya watoto waliopitia mashaka zinakubaliana katika jambo moja, kuwa kinachomkinga mtoto zaidi ni kuwa na mtu mzima mmoja thabiti anayemtegemea, na uthabiti haumaanishi kutokosea. Unamaanisha kurudi. Huenda wewe pia ulikuwa na mtu kama huyo, bibi au mwalimu wa madrasa, ndiyo maana leo unauliza swali hili badala ya kulizika.

Wanawake wengi katika hali yako huona haya kusema kuwa wanamkasirikia mama kuliko baba: kwa nini hakuondoka, kwa nini alitunyamazisha. Hasira hiyo ni ya kawaida, nayo hufuata njia ile ile, kwenda kwa asiyetisha. Zamani hizo mama alikuwa na kazi gani, nyumba ya nani, na nani angempokea na watoto? Kumuelewa hakukulazimishi kusema hukuumia. Na hofu ya kukosa radhi ya wazazi au kuingia katika ghiba isikuzuie kutafuta msaada. Wanazuoni wametaja wazi kuwa mwenye kueleza dhulma ili asaidiwe hahesabiwi kuwa anasengenya. Muulize sheikh unayemuamini kama moyo wako haujatulia. Kumkabili baba kwa sasa si lazima. Wengine hufanya hivyo kwa matumaini ya kusikia "nisameheni", wanasikia "ni uongo", na wanarudi nyuma miezi.

Msaada wa kitaalamu

Ukifuata haya kwa wiki sita na namba hazishuki, au ukiwa unaduwaa mara kwa mara, unaota yale yale, au unafikiria kufa, usiendelee peke yako. Kufikiria kufa ni la leo leo, si la wiki sita. Kuna hali iitwayo msongo wa baada ya kiwewe, yaani jeraha la moyo liachwalo na jambo la kutisha, na iliyo changamani zaidi imewekwa katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022. Juu ya mshtuko na kukwepa, huambatana na hisia zisizotulia, kujiona huna thamani, na ugumu wa kuwa karibu na watu. Inatibika kwa mazungumzo yenye utaratibu, kwa kawaida vikao 8 hadi 12 na wakati mwingine zaidi. Mshauri anayejua kazi hatakufukulia ya zamani siku ya kwanza. Atakufundisha kwanza kutulia, ndipo mwende polepole kwenye kumbukumbu. Anayekutaka umsimulie kila kitu kikao cha kwanza, kisha akakuachia uende nyumbani ukitetemeka, mbadilishe.

Upo pia mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani, vikao 5 vya dakika 90, kimoja kwa wiki: kutuliza mwili, kutatua matatizo moja moja, kurudi kwenye shughuli ulizoziacha, na kuimarisha watu wako wa karibu. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili, na matokeo yaliyotoka 2017 yalionyesha msongo ulipungua, ingawa waliowahudumia walikuwa wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa, si madaktari. Muulize mhudumu wa mtaa wako kama kuna kitu cha namna hiyo.

Dawa huwasaidia baadhi, hasa sonona ikiwa imeingia. Zitumikazo sana ni fluoksetini na sertralini. Huchukua wiki 4 hadi 6 kufanya kazi, na haziachwi ghafla. Ukitaka kushika mimba au unanyonyesha, mwambie daktari kabla. Diazepamu ya kununua dukani ili ulale ikwepe. Mwili huizoea upesi, na kiwewe hubaki pale pale.

Mji wetu ni mdogo na hilo lina uzito wake. Mshauri anaweza kuwa binamu ya mumeo. Una haki ya kuuliza mwanzo kabisa: nani ataliona faili langu, na ni mambo gani huwezi kuyaficha? Muulize pia kama amesajiliwa na bodi ya washauri na wanasaikolojia iliyowekwa kwa sheria ya 2014. Ukiona haya mjini, wengine huenda Malindi au Mombasa, au huomba vikao vya simu. Kwa mtu wa Faza au Kiunga, ambaye kufika Amu ni boti na nauli, simu ndiyo njia ya kwanza. Namba 1195 ni ya bure, mchana na usiku, kwa mambo ya ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto.

Kwa msomaji ambaye mumewe si kama wa dada huyu: pumzi na daftari si kazi ya mtu anayepigwa leo. Kwanza ni usalama. Kama umewahi kukabwa koo, hata bila alama, hatari ya kuuawa imepanda sana. Nenda hospitali na usirudi peke yako. Sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani ya 2015 inakuruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na kipigo kimo humo pamoja na matusi, vitisho na kunyimwa matumizi. Suluhu ya wazee au ushauri wa mume na mke pamoja, wakati kipigo kinaendelea, humpa mpigaji nafasi ya kusikia ulichomshtaki, nawe ukakilipia mkirudi nyumbani.

Na wewe, dadangu, ukienda Hospitali ya King Fahd au kokote uendako, huna haja ya kusimulia historia yote pale mapokezi. Sema hivi tu: "Nilikulia nyumba yenye vipigo, na sasa nashtuka na silali, nataka kuonana na mshauri." Nenda na daftari lako la wiki mbili. Litamwokolea mshauri kikao kizima cha maswali.